Goroli Zenye Kitovu

Fundi alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mvi zimeshapiga hodi na kukaribishwa, na bado wanachama wa klabu ya silaha za kale walimwita binti Kioo. Kioo mwenyewe alikuwa baba yake. Jina hilo alilipata ujanani, kwa sababu kila kilichopita mikononi mwake, kiwe kitasa, kiwe kijiko, kilitoka kinang'aa hadi ukaweza kuchana nywele mbele yake. Miaka miwili iliyopita mzee alimkabidhi binti yake karakana, na meza na jiliwa na tupa zote, akatangaza kwamba sasa anapumzika. Uongo mtupu. Mtu aliyefanya kazi miaka hamsini hajui kupumzika. Anajua kuketi kwenye kiti karibu na mlango na kukuuliza kwa nini umeshika tupa hivyo.

Kazi ya karakana ilikuwa bunduki na bastola za zamani, zile za baruti nyeusi. Silaha hizo hazijui risasi ya kisasa yenye ganda lake. Unamimina baruti kwanza, unaweka juu yake goroli ya madini laini ya risasi, unashindilia kwa nguvu, kisha kwa nyuma unabandika fataki, kikofia kidogo cha shaba cha kuwashia moto. Wenye nazo walikuwa watu wa kulenga shabaha Jumamosi, walimu wastaafu na makarani, watu wasioweza kuua hata panya wa jikoni kwao. Lakini mguse mmoja wao bastola yake bila ruhusa, utamjua.

Moja ya silaha zilizokuwa pale haikuwa ya mteja. Ilikuwa bastola ya ukoo, aliyoirithi Mzee Kioo kwa baba yake, yenye mpini wa mti mweusi na gurudumu linalozunguka, lenye vyumba sita vya kutilia risasi. Mwaka jana, siku ya mashindano, mzee aliifyatua mara moja na vyumba viwili vikalia pamoja. Goroli moja ilikwenda ilikotumwa. Ya pili ilitoka kwenye chumba cha jirani, ambacho hakikuwa mbele ya mtutu, ikakwangua chuma na kuchimba udongo hatua mbili kutoka kwenye meza. Hakuna aliyeumia. Mkono wa shati la mzee uliungua, na uso wake ukashuka mbele ya watu waliomheshimu maisha yake yote.

Mkaguzi wa klabu, bwana mmoja mkavu anayebana kalamu sikioni, aliandika kwamba gurudumu limechakaa. Alitoa mwaka mmoja. Bastola irudi, ifyatuliwe mara sita mbele yake, na kila mara ulie mlio mmoja tu. Ikishindwa, mtutu utazibwa kwa kipande cha chuma na kuchomelewa, nayo itawekwa kwenye kabati la ukumbini itazamwe.

"Bastola ya baba yangu iwe pambo," mzee alisema njiani siku ile.

Fundi aliapa moyoni kwamba hilo halitatokea akiwa hai. Alianza na gurudumu. Alilipima chumba kwa chumba, asubuhi tatu mfululizo, kwa kipimo kinachoona hata unene wa unywele. Vyumba vyote sita vilikuwa sawa, mviringo safi, bila ufa wala kutu. Gurudumu lilikuwa zima kuliko mkaguzi. Basi kosa halikuwa kwenye chuma. Lilikuwa kwenye kile kilichotiwa ndani yake.

Habari zilipoenea kwamba binti Kioo anatafuta risasi ya kufaa, ushauri ulimiminika, maana kwenye klabu ile kila mtu ni bingwa isipokuwa siku ya mashindano. Mwalimu mmoja mstaafu alimletea risasi ndefu zenye ncha, akasema ni nzito na zinakwenda mbali. Fundi alizijaribu. Ziliingia zimeinama upande, kama mtu anayepita mlango mfupi, na risasi iliyoingia imeinama hutoka imeinama. Alimrudishia kwa shukrani. Karani mmoja alileta goroli alizozimimina kutokana na vile vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari. Zilikuwa nzuri kwa macho, lakini Fundi alipozikwaruza kwa kucha, kucha haikuacha alama. Alipojaribu kushindilia moja, mkono wa kushindilia, ule wenzo ulio chini ya mtutu, ulilia kama mlango wenye kutu, akaacha kabla haujavunjika.

"Ngumu," alimwambia karani.

"Si ndiyo vizuri? Chuma kwa chuma."

"Kwa bastola yako labda. Hii inataka kitu laini kinachokubali kubanwa."

Hapo ndipo ulipo moyo wa kazi yenyewe, na Fundi aliujua tangu utotoni. Goroli ya bastola kama ile haichaguliwi kwa uzito wala kwa sura. Inachaguliwa kwa jinsi inavyogombana na mlango wa chumba. Iwe laini, tena iwe kubwa kuliko chumba kwa kitu kidogo sana. Ukiishindilia, mdomo wa chumba unaimenya, na pete nyembamba ya risasi inabaki nje. Pete ikitoka kamili, umejua kwamba goroli imejaza chumba pande zote na moto wa jirani hauna pa kupenya. Pete isipotoka, kuna upenyo, hata kama jicho haliuoni. Mzee Kioo alikuwa ameiandika kanuni hiyo kwa chaki juu ya ubao wa karakana, na ilikuwa haifutwi hata wakipaka rangi ukuta: Hakuna pete, hakuna fataki. Pete sita zihesabiwe mezani, ndipo mkono uguse kikopo cha fataki.

Basi Fundi alikwenda kwenye rafu, akateremsha kopo lenye goroli zilizobaki za mwaka jana. Zilikuwa za mzee mwenyewe, kutoka kwenye kalibu ya kumiminia aliyoichonga kwa mkono wake miaka thelathini nyuma. Kalibu haikuwa na kosa. Risasi ilikuwa ya mabomba ya zamani, laini, kucha iliacha alama. Alichukua goroli moja, akaiweka kwenye mdomo wa chumba, akanyoosha mkono kutafuta mkono wa kushindilia. Hakuuhitaji. Goroli iliteleza ndani kwa kidole gumba.

Alijaribu ya pili, akajaribu ya tano. Kisha akazimwaga zote mezani na kuzitazama kwa karibu.

Goroli inapotoka kwenye kalibu huwa na kibonge kidogo pale risasi ilipomiminiwa na kukatwa. Karakanani walikiita kitovu. Kila goroli duniani iliyomiminwa kwa mkono ina kitovu, unakielekeza juu unaposhindilia, mambo yanakwisha. Hizi za mwaka jana hazikuwa nacho. Zilikuwa laini kila upande na zinang'aa kama macho ya samaki mbichi. Na Fundi aliikumbuka sauti. Tangu mzee astaafu, kila alasiri kwenye kile kiti karibu na mlango, alikuwa akiviringisha goroli katikati ya sahani mbili za chuma. Kru, kru, kru, saa nzima, saa mbili. Zamani hakuwa na nafasi ya anasa hiyo, wateja walikuwa wakisubiri. Sasa alikuwa na nafasi tele. Aliviringisha mpaka kitovu kikaisha, kisha akaendelea kuviringisha kwa sababu ziling'aa zaidi, na kila mzunguko ulikula unene wa unywele mmoja. Akili ni nywele, wanasema, na mzee alikuwa na upara, lakini Fundi hakucheka. Baba yake alikuwa amezipenda goroli zile mpaka akazipunguza.

Sasa mwambie. Wewe uliye mwepesi wa kusema, mwambie mzee wa miaka sabini na nane kwamba aibu iliyomkunja mgongo ilitoka kwenye kitu pekee kilichomfurahisha tangu aache kazi.

Fundi hakuweza. Alimimina goroli zake mwenyewe. Kumi na mbili za kwanza zilitoka na mikunjo kwa sababu kalibu ilikuwa bado baridi, akazirudisha kwenye sufuria. Zilizofuata zilitoka vizuri. Alizipima moja moja kwenye mizani, maana goroli nyepesi ina pango la hewa tumboni, akabakiwa na ishirini zenye uzito sawa. Zilikuwa za kijivu, hazing'ai, kila moja na kitovu chake. Alijaribu sita kwenye gurudumu tupu. Pete sita. Alizitazama mezani na akajisikia fahari ambayo hakuwa na wa kumwambia.

Siku moja kabla ya ukaguzi, mzee aliingia karakanani amebeba kitambaa cheupe kilichofungwa fundo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hizi hapa." Alilifungua fundo taratibu. Ndani mlikuwa na goroli kumi na mbili, kila moja inameremeta. "Wiki nne nimezifanya. Mkaguzi akiziona tu atanyamaza. Kizuri chajiuza, mwanangu."

"Baba," Fundi alianza.

"Sema."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akaona vidole vya baba yake, ncha zake nyeusi kwa risasi, vimekwaruzika.

"Umenawa mikono? Hiyo risasi ni sumu."

"Nimenawa kabla hujazaliwa," mzee alisema, akaenda kunawa.

Basi akafanya kitu ambacho hakujivunia. Asubuhi ya ukaguzi alizitoa zile goroli zinazong'aa kwenye kitambaa, akatia za kwake, akalifunga fundo vilevile. Macho ya mzee yalikuwa hafifu siku hizo. Goroli ni goroli. Bastola ingepona, uso wa mzee ungeinuka, na siri angeifukia moyoni.

Uwanja wa klabu ulikuwa kipande cha ardhi chenye tuta la udongo upande wa mwisho, meza ndefu ya mbao, na paa la bati juu yake. Watu walikuwa wamejaa. Habari ya bastola ya Kioo ilikuwa imewaleta hata wale ambao hulipa ada na hawaonekani. Mzee alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaa kama karatasi, akaketi mwisho wa meza. Mkaguzi alikagua gurudumu tupu kwa tochi, akaguna, akaandika.

"Naona risasi," alisema.

Fundi alifungua kitambaa. Mkaguzi alichukua goroli moja, akaigeuza, akairudisha. Na mzee, kwa mazoea ya miaka yote, akanyoosha mkono naye akachukua moja.

Fundi hakuwa amewaza juu ya vidole. Macho ya mzee yalikuwa yamechoka, lakini vidole vyake vilikuwa bado kazini. Kidole gumba kilizunguka goroli mara moja, kikafika kwenye kitovu, kikasimama hapo.

"Hizi si zangu," mzee alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, baba."

"Zangu ziko wapi?"

"Nyumbani. Nisamehe."

Nyuma yao watu walikuwa wakizungumza na kuchekana, hawakusikia. Mkaguzi alisikia, akajifanya anasoma karatasi yake. Fundi aliona shingo ya baba yake inakakamaa ndani ya ile kola ya pasi, na akatamani ardhi ipasuke.

"Umeionea haya kazi yangu," mzee alisema.

"Hapana. Baba, huwa una moja mfukoni. Naijua. Itoe."

Kweli alikuwa nayo. Alitembea nayo kila siku, akiichezesha mkono ukikosa kazi. Aliitoa, na jua lililopenya pembeni ya bati likaishukia. Fundi alimsogezea gurudumu tupu, halina baruti wala fataki.

"Itie," alisema. "Wewe mwenyewe. Usinisikilize mimi, sikiliza mkono wako."

Mzee aliiweka goroli yake kwenye mdomo wa chumba, akaisukuma kwa kidole gumba. Ikaingia. Hakuna kilichogombana nayo. Kisha akaliinamisha gurudumu juu ya kiganja cha pili na kulipiga mara moja kwa kidole, na goroli ikateleza nje ikarudi kiganjani mwake, nzima, inang'aa, bila hata mkwaruzo.

Aliitazama muda mrefu. Midomo ilicheza bila kutoa sauti, na Fundi akajua anahesabu siku, alasiri moja baada ya nyingine, kru, kru, kru.

"Mwaka jana," mzee alisema mwishowe, "pete sikuzihesabu."

"Ulikuwa unaongea na watu, baba."

"Nilikuwa nawaonyesha zinavyong'aa."

Mkaguzi alikohoa. "Kuna tatizo hapo? Tuandike kwamba silaha haiko tayari?"

Fundi alifungua mdomo aseme hakuna tatizo, tuendelee. Lakini mzee alikuwa ameshashika ukingo wa meza. Alisimama kwa shida, akasubiri mpaka mazungumzo yakaisha nyuma yake, na aliposema alisema kwa ile sauti ya zamani ya karakanani, iliyokuwa ikiishinda mashine ya kunolea.

"Mkaguzi, mwaka jana uliandika gurudumu limechakaa. Futa. Gurudumu ni zima. Goroli zilikuwa zangu, nilizisugua mpaka zikapungua, na nikashindilia bila kuhesabu pete. Kosa langu, peke yangu. Mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, huyu hapa. Yeye ndiye aliyeliona. Sasa mtazameni anavyofanya kazi."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Mwalimu mstaafu wa risasi za ncha alivua kofia, sijui kwa nini, labda kwa joto.

Fundi alishika bastola. Alimimina baruti chumba cha kwanza, akaweka goroli ya kijivu, kitovu juu, akabana mkono wa kushindilia. Goroli iligoma, kisha ikakubali, na pete nyembamba ikajikunja nje ya mdomo wa chumba. Aliitoa kwa ncha ya kisu na kuiweka mbele ya baba yake. Mzee aliipapasa ukingo mzima kuona kama ina mahali imekatika.

"Moja," alisema.

Waliendelea hivyo. Mbili. Tatu. Kwenye ya nne pete ilitoka imekunjamana, mzee akainyoosha kwa kucha taratibu mpaka akaridhika kwamba ni kamili. Tano. Sita. Fundi akapaka grisi juu ya kila goroli, akageuka kwa baba yake na kusubiri, kama alivyofundishwa akiwa msichana ambaye hafikii meza.

"Zimetimia," mzee alisema. "Weka fataki."

Alifyatua mara ya kwanza. Mlio ulikuwa mmoja, mzito, na moshi mweupe ukajaa chini ya bati ukinuka mayai viza. Mara ya pili, mlio mmoja. Ya tatu. Hakutazama shabaha hata mara moja, alikuwa anasikiliza. Ya nne, ya tano. Kabla ya ya sita alimsikia mtu nyuma yake anashusha pumzi, na hakujua kama ni mzee au ni mkaguzi. Akafyatua. Mlio mmoja, kisha mwangwi wake kutoka kwenye tuta, kisha kimya.

Karani alikwenda kuchukua shabaha akarudi nayo mbio, jambo ambalo mwili wake haukulizoea. Matundu sita yalikuwa yamekusanyika mahali ambapo kikombe cha chai kingeyafunika yote. Watu walianza kupiga makofi. Fundi alifurahi mpaka macho yakamchoma, na kwa bahati moshi ulikuwepo wa kusingiziwa.

Mkaguzi alilifuta neno alilokuwa ameliandika mwaka jana, akairudisha kalamu sikioni kwa mazoea, akaitoa tena, na akavuta fomu ya mwisho.

"Silaha imepita," alisema. "Jina la fundi? Nimezoea kuandika Kioo."

"Andika la huyu," mzee alisema. "Fundi ni yeye."

"Na wewe nikuandike nani?"

Mzee alikuwa anazikusanya pete sita kutoka mezani, moja moja, na kuzitia kwenye mfuko wa shati. Ile goroli yake inayong'aa aliiacha pale pale mezani.

"Baba wa fundi."

"Mzee, kwenye fomu hii hakuna nafasi ya baba wa fundi."

"Ipo hapo pembeni. Andika kwa herufi ndogo."

Mkaguzi aliitazama fomu, akamtazama mzee, akaandika kwa herufi ndogo pembeni. Mzee alifunga kifungo cha mfuko, kisha akamwomba amsomee mara mbili.